Vihisi joto vya Zigbee vinapotea jioni: nibadili chaneli, nihamie 5 GHz au ninunue LoRa?

Mfugaji_Kibaha: Wakuu, habari za jioni. Nina vihisi joto tisa vya Zigbee (redio ndogo ya kutuma data bila waya) kwenye banda la vifaranga. Tangu nifunge ruta mpya, juu kidogo ya kompyuta inayopokea data, watoto wakianza kuangalia video jioni vihisi vinne vinanyamaza mpaka walale. Nifanye lipi?

Fundi_Antena: Usinunue kitu bado. Wi-Fi ya ruta na Zigbee vyote vinagombania masafa ya 2.4 GHz. Ruta inaweza kurusha miliwati 100, kihisi cha betri kinarusha chache mno. Ni kunong'ona kando ya spika za kigodoro. Ruta ikiwa chaneli 1 inafunika chaneli za Zigbee 11 hadi 14. Ikiwa 6, inafunika 16 hadi 19. Ikiwa 11, inafunika 21 hadi 24. Na 11 ya Wi-Fi siyo 11 ya Zigbee, wengi wanajikwaa hapo. Weka ruta 1, Zigbee 25. Hiyo 26 nayo iko wazi, ila kuna vifaa vinapunguza nguvu hapo au haviikubali kabisa.

Mfugaji_Kibaha: Nimeangalia. Ruta inajichagulia chaneli yenyewe, upana 40 MHz. Zigbee iko 11.

Bi_Mtandao: Haya, mchawi huyo! Upana 40 unameza nafasi maradufu. Rudisha 20, na uizuie kujichagulia, la sivyo itahama usiku urudi ulikotoka. Simu na TV zipeleke 5 GHz, masafa mengine ya Wi-Fi, utapunguza msongamano. Ila 5 GHz haipiti ukuta vizuri, na kamera nyingi za bei poa zinajua 2.4 tu, kwa hiyo kuizima kabisa sahau.

Mzee_wa_Solda: Mbona hamuulizi kipokeo cha Zigbee kimechomekwa wapi kwenye kompyuta? Kama ni USB 3.0, ile tundu ya bluu, yenyewe inatoa kelele kwenye 2.4 GHz, hasa ikiwa na diski ya nje. Mimi nilihangaika na chaneli wiki mbili, kumbe dawa ilikuwa waya wa USB wa mita moja na nusu, kukisogeza kipokeo mbali na tundu. LoRa, hiyo aina nyingine ya redio, kwa kawaida iko chini ya 1 GHz, haigombani na Wi-Fi, inafika mbali. Lakini utupe vihisi tisa kwa ajili ya banda la hatua thelathini?

Mfugaji_Kibaha: Mrejesho. Nilianza na waya, viwili vikarudi. Kisha ruta 1, upana 20, Zigbee 25. Sita vilifuata vyenyewe. Vitatu nimeviunganisha upya nikiwa nimechuchumaa kwenye maranda, tochi mdomoni, vifaranga wananidonoa vidole. Jana saa tatu usiku vinane vilikuwa hewani, nyuzi 32. Cha nyuma ya simtanki bado kinakatika.

Mzee_wa_Solda: Maji yanameza mawimbi hayo. Kitoe hapo.

Mfugaji_Kibaha: Kesho asubuhi. Saa hizi wamelala, nikiingia watalipuka wote.