Tai ya Gus na mtoto aliyepewa sumu

Kikundi: Ukoo Wetu ❤️

*Neema:* Jamani nimemaliza kuutazama tena msimu wa nne wa Breaking Bad. Ile sehemu ya mwisho, ya 13, iliyotoka mwaka 2011, Vince Gilligan kaiandika na kuiongoza mwenyewe. Sijaona kitu cha televisheni kilichopangwa kwa ustadi kama kile. Moyo bado unadunda.

*Juma:* Ile ya kengele!!! 🔔🔔🔔

*Neema:* Ndiyo hiyo kaka.

*Dada Salma:* Mie niliitazama zamani. Nilipomaliza nilizima na kulala nimenuna.

*Shangazi Rukia:* Ndiyo ipi hiyo? Ile ya mwalimu anayepika madawa ya kulevya?

*Neema:* Shikamoo shangazi. Ndiyo hiyo. Walter White, mwalimu wa kemia kule Albuquerque, Marekani. Anaugua saratani, anaanza kupika madawa akisema anaiachia familia yake pesa. Mpaka msimu wa nne bosi wake, Gus Fring, anataka kumuua, naye anataka kumuwahi.

*Shangazi Rukia:* Marahaba mwanangu. Na wewe umemshangilia nani hapo?

*Neema:* Hapo ndipo penye neno shangazi. Subiri niandike vizuri.

*Juma:* Anaandika insha 😂 kaeni chonjo

*Neema:* Kuna mzee anaitwa Hector, amepooza, hasemi, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anachoweza ni kugonga kengele ndogo kwa kidole kimoja. Gus amemmalizia jamaa zake, na kila akija kumtembelea kule makao ya wazee humwambia amtazame usoni. Hector hakubali. Hamtazami kabisa. Sasa siku hiyo Gus anakuja na sindano ya kumuua, na kwa mara ya kwanza mzee anainua macho. Anamtazama. Halafu anaanza kugonga kengele, haraka, bila kuacha. Wewe mtazamaji unajua chini ya kiti kuna bomu, Walter amelipanga pamoja na Hector. Gus anaelewa ule wakati ambao kuelewa hakumsaidii tena. Mlipuko. Mlango unaruka. Kisha Gus anatoka chumbani, amesimama wima, anaweka tai yake sawa. Unasema huyu mtu hafi! Kamera inamzunguka taratibu, unaona nusu ya uso haipo. Ndipo anaanguka.

Hakuna aliyesema maneno ya kishujaa. Tai tu. Maisha yake yote alikuwa mtu nadhifu, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya. Yule mwongozaji amemaliza habari nzima ya mtu kwa kuiweka tai sawa.

*Juma:* Giancarlo Esposito, yule Gus, pale alicheza jamani. Na yule mzee Mark Margolis, bila neno hata moja!

*Dada Salma:* Sasa waambie na ya mtoto.

*Neema:* Naja huko dada.

*Dada Salma:* Hapana, isemwe sasa hivi, maana ukisimulia hivyo watu watadhani ni habari ya kisasi kitamu tu. Shangazi, kuna mtoto mdogo, Brock. Anaugua ghafla, nusura afe. Jesse, yule kijana msaidizi wa Walter anayempenda sana mtoto huyo, anaaminishwa kwamba Gus ndiye aliyemtilia sumu, na kwa hasira hiyo anakubali kumsaidia Walter. Gus akishakufa, Walter anampigia mkewe simu, anamwambia "Nimeshinda." Kisha picha ya mwisho inakwenda uani kwake, kwenye chungu cha maua, inasogea mpaka unasoma kibandiko: Lily of the Valley. Ni mmea wenye sumu inayovuruga mapigo ya moyo, ndio uliomlaza mtoto hospitali. Walter ndiye aliyefanya.

*Shangazi Rukia:* Mungu wangu. Mwalimu?

*Dada Salma:* Mwalimu, na baba wa watoto wawili.

*Mjomba Hamisi:* Mimi nilidhani ni hadithi ya jambazi kumuua jambazi. Hilo ningelivumilia.

*Juma:* Lakini mjomba, Gus naye alimchinja mtu wake mwenyewe mwanzoni mwa msimu, mbele ya macho ya Walter na Jesse. Walter angefanyaje?

*Mjomba Hamisi:* Ubaya wa Gus haumpi mtu ruhusa ya kumgusa mtoto wa mwenzake, Juma. Hata siku moja.

*Dada Salma:* Na kuna jingine ambalo watu hawalizungumzi kabisa. Walter anashuku wauaji wanamvizia nyumbani kwake. Anachofanya? Anampigia simu bibi jirani, mama mtu mzima, anamdanganya kwamba huenda ameacha jiko linawaka, amwendee akaangalie. Yaani kamtuma ajuza wa watu akapime kama risasi zipo!

*Shangazi Rukia:* Huyo bibi akapona?

*Dada Salma:* Alipona. Lakini Walter hakujua kama atapona.

*Neema:* Na ile wameifanya kama kichekesho, dada, nakubaliana nawe kabisa. Imepita haraka, mtu anatabasamu. Mimi pia nilitabasamu mara ya kwanza.

*Mjomba Hamisi:* Sasa Neema, unaipendaje?

*Neema:* Naipenda kwa sababu imenifanya nishangilie kwanza, kisha ikanionyesha nilichokuwa nashangilia. Ile picha ya maua haimsemi Walter peke yake mjomba. Ingetuonyesha mapema kwamba ni yeye, tungekaa pembeni tukimhukumu kwa raha zetu. Badala yake tukawa upande wake mpaka sekunde ya mwisho.

*Shangazi Rukia:* Lakini mwanangu, umesema hii ni mara ya pili. Maua uliyajua tangu mwanzo. Kengele ilipogongwa safari hii, hukushangilia?

*Neema:* Nilishangilia shangazi.

*Shangazi Rukia:* Basi hilo fundisho la maua halijafanya kazi.

*Juma:* 😮

*Neema:* Ni kweli. Na hapo ndipo ninapokwama. Safari hii nilikuwa najua kila kitu, na bado damu ilichemka kwa furaha. Nikajiuliza kwa nini, nikaona jibu liko kwenye kamera. Gus amepewa kifo chenye utulivu wote ule, mwanga, tai, mwendo wa taratibu. Brock je? Maumivu yake tunayapata zaidi kwa midomo ya watu wazima wakibishana na kulaumiana. Uzuri wote umewekwa kwa muuaji anayekufa. Kwa mtoto aliyeteseka tumepewa chungu cha maua. Ningekuwa mimi naandika, ningetaka nimwone yule mtoto kitandani, hata kidogo tu, kabla ya lile neno "Nimeshinda."

*Dada Salma:* Hapo umenena Neema. Ndicho kilichoninunisha, sikuwahi kukipatia maneno.

*Juma:* Ila ukimwonyesha mtoto, mwisho hauna mshtuko tena.

*Neema:* Huenda ungepungua. Ningekubali upungue.

*Juma:* Mimi nisingekubali. Ule mwisho ndio unaonifanya nimchukie Walter mpaka leo.

*Mjomba Hamisi:* Na bado uliendelea na msimu wa tano?

*Juma:* Niliendelea mjomba. Nilitaka kuona analipaje.

*Idi:* Mimi sijatazama na mmeshanisimulia yote 😭

*Mama Idi:* Na hutatazama peke yako. Umesikia?

*Idi:* Mama jamani nina miaka 16

*Dada Salma:* Mama Idi, akifika huko kaa naye. Usimkataze, ila kaa naye, muulize yule bibi jirani alikosa nini.

*Mama Idi:* Mimi damu siziwezi wifi. Neema ndiye atakayekaa naye.

*Neema:* Nitakaa naye. Idi, tunaanzia msimu wa kwanza, hakuna kurukaruka.

*Idi:* Sawa da Neema 🙏 Jumamosi?

*Neema:* Jumamosi.