Kufundisha joto kali la mijini: bati linasoma nyuzi 24, lami nyuzi 57. Tumekosea wapi?

Mwl_Ramani
Wakuu, habari za kazi. Naandaa vipindi sita kuhusu joto kali la mijini na ustahimilivu wa tabianchi, darasa la watoto 42 wa miaka 13 na 14. Vifaa ni vipimajoto 6 vya kawaida na kimoja cha kulenga, kile cha umbo la bastola.

Upimaji wa kwanza ulifanyika saa saba mchana. Lami ilisoma 57, nyasi 36, bati jipya la kibanda cha baiskeli 24. Lakini ukiligusa bati lenyewe, linaunguza! Vipimajoto vya hewa navyo vilipishana hadi nyuzi 5 kwenye uwanja uleule, na hewa ya barabarani ilikuwa karibu sawa na ya shambani. Sasa madaftari yanasema bati hupoza na mji hauna joto kuliko shamba. Wengine wameongeza kwamba joto lote linaletwa na tundu la ozoni.

Naomba hatua za kurekebisha vipimo, na namna ya kufika kwenye suluhisho bila kuwatia watoto hofu.

PimaTena
Mwalimu, bati halikupoa. Kipimajoto cha kulenga hupokea mionzi ya joto inayotoka juu ya kitu, kisha hukadiria. Vingi vimepangwa kudhani kwamba kitu kinatoa asilimia 95 ya mionzi ambayo uso mweusi kabisa ungetoa. Lami, udongo, majani na ngozi viko karibu na hapo. Bati linalong'aa haliko: lenyewe hutoa mionzi kidogo, na huakisi ya vitu vingine kama kioo. Mlichopima pale kwa sehemu kubwa ni anga, na anga isiyo na mawingu husoma baridi sana.

Bandika juu ya bati kipande cha utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, sm 5 kwa sm 5. Subiri dakika 5, kisha lenga utepe. Soma pia uwiano wa umbali ulioandikwa ubavuni mwa kifaa. Ukiwa ni 12:1, ukisimama sm 60 unapima duara la upana wa sm 5. Ukirudi hadi mita 3 duara linakuwa sm 25, na utepe umeshamezwa na bati. Kaeni sm 30. Nukta nyekundu huonyesha mnakolenga tu, haionyeshi ukubwa wa eneo, na isielekezwe machoni mwa mtu. Hakuna haja ya kupanda paa. Kipande cha bati juu ya matofali mawili kinatosha.

Msifute ile 24 kwenye madaftari. Wapime bati tupu na utepe ulio juu yake, namba zikae bega kwa bega, kisha waulizwe kwa nini kitu kimoja kina joto mbili. Mtoto aliyepita hapo hatakiamini kifaa kwa sababu tu kina kioo cha namba.

Kwenye hewa mna makosa mawili. La kwanza, vipimajoto havikulinganishwa. Vitumbukizeni vyote sita kwenye ndoo ya maji yaliyokaa darasani, koroga, subiri dakika 5, soma. Kinachosoma nyuzi 1.5 juu ya vingi kibandikwe karatasi "toa 1.5". La pili, jua lilikuwa likipiga vipimajoto vyenyewe, kwa hiyo vilipima jua na hewa kwa pamoja. Chukua bomba la plastiki jeupe la upana wa sm 5 na urefu wa sm 20, livike karatasi ya alumini kwa nje, acha ncha zote mbili wazi. Kipimajoto kining'inie katikati bila kugusa kuta. Likae kivulini, kimo cha mita 1.5, mtu apepee taratibu kwa daftari dakika 3 kabla ya kusoma. Mkono usishike karibu na balbu, ile ncha ya chini ya kipimajoto inayohisi joto.

Kama kundi moja linazunguka vituo vingi, hewa hubadilika wakiwa njiani. Warudi kupima kituo cha kwanza mwishoni. Mfano: walianza na 31.0, baada ya dakika 40 palepale pakasoma 29.8. Hewa imeshuka 0.3 kila dakika 10, basi kituo kilichopimwa dakika ya 20 kiongezewe 0.6 ndipo kilinganishwe na cha kwanza. Bila hesabu hiyo, kituo cha mwisho kila siku kitaonekana ndicho baridi.

Anga_na_Ardhi
Naongezea: saa saba mchana ndiyo saa mbaya kutafuta kisiwa cha joto cha mji, yaani mji kuwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, alilinganisha vipimo vya London na vya mashambani mwanzoni mwa karne ya 19 akakuta usiku mjini pana joto zaidi kwa karibu nyuzi 2 za Selsiasi, ilhali mchana tofauti ilikuwa ndogo mno, hata mji ukapungukiwa kidogo. Kuta na barabara hushiba joto mchana na kulitoa usiku, na kati ya majengo marefu kipande cha anga ni chembamba, joto halipati pa kutokea. Shambani, jua jingi huishia kukausha maji ya udongo na majani. Kuvukiza lita moja hula nishati ya takriban megajuli 2.4, sawa na hita ya wati 1,000 ikiwaka dakika 40. Mwambie mwanafunzi hivyo huku ameshika chupa ya lita moja.

Kwa hiyo pimeni saa mbili au tatu baada ya jua kuzama, usiku usio na upepo wala mawingu.

Kuhusu ozoni, gesi ya juu angani inayozuia sehemu ya mionzi ya jua, tundu lile linahusu mionzi inayounguza ngozi, si joto hili. Chora mishale miwili ubaoni: mmoja wa gesijoto zinazoongeza joto la dunia nzima (mwaka 2011 hadi 2020 wastani ulikuwa takriban nyuzi 1.1 juu ya ule wa 1850 hadi 1900), mwingine wa zege, lami na ukosefu wa miti. Mshale wa pili ungekuwepo hata kama wa kwanza usingekuwepo. Anayeishi mjini hupigwa na yote miwili.

Mwl_Ramani
Nashukuru sana, ile ya ndoo tunaanza nayo kesho. Usiku siwezi kuwatoa watoto nje. Kuna njia nyingine?

Anga_na_Ardhi
Wapime ndani walalamo: saa moja jioni, saa tatu usiku, na wakiamka kabla ya jua. Waandike paa ni la nini, dirisha lilikuwa wazi au la, na wangapi wamelala humo. Jedwali libandikwe bila majina, maana litaonyesha nani anaishi kwenye nyumba ya namna gani.

Kivuli_Kwanza
Suala la hofu: anzeni na mwili, kisha shule yenu. Funga kitambaa cha pamba chenye maji kwenye balbu ya kipimajoto kimoja, pepea hadi namba iache kushuka. Kitambaa hupoa maji yakikauka, kama ngozi yenye jasho. Hewa ya 34 na kitambaa cha 20 ni unyevu wa hewa wa karibu asilimia 26. Jasho linakauka vizuri. Hewa ileile ya 34 na kitambaa cha 28 ni karibu asilimia 63, na hapo mwili unahangaika. Watoto huelewa mara moja kwa nini namba ya hewa peke yake haitoshi.

Halafu ramani ya kivuli: saa tatu, saa sita na saa tisa, chora mipaka ya kivuli kwa rangi tatu kwenye mchoro mmoja wa uwanja. Ukuta wa magharibi na foleni ya maji ndivyo huumbuka. Mapendekezo yatoke kwenye ramani hiyo, yawe na mahali na saa: michezo isogezwe asubuhi, foleni ihamishiwe kivulini, chandarua cha kivuli kifungwe mita 3 juu na pande ziwe wazi upepo upite.

Tahadhari moja, maana kosa hili linarudiwa sana: rangi nyeupe ni nzuri juu ya paa, si kwenye uwanja wanakocheza. Sakafu nyeupe yenyewe hupoa, lakini mchana huwarushia watoto miale kutoka chini.

Na upimaji wa nje usizidi dakika 15. Anayeumwa kichwa na kutoka jasho jingi apelekwe kivulini, anywe maji. Akianza kuongea visivyoeleweka au kuyumba, hiyo ni dharura ya kiharusi cha joto: mwite mhudumu wa afya, mwagie maji mwili mzima na umpepee papo hapo, wala usimnyweshe kitu kama hajitambui.