Naomba ushauri: Krismasi ya mgeni wangu wa fildi

Habari zenu wapendwa. Hapa kwangu Kirumba, Mwanza, nakaa na binti wa Kijerumani, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja fildi. Alfajiri anawahi daladala, jioni anafua sare yake kwenye beseni, halafu anakaa kibarazani kumpigia mama yake. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa 2. Kaniambia kwao sherehe yenyewe ni jioni ya tarehe 24, na tarehe 25 kapangiwa zamu ya asubuhi. Jana nilimkuta anafuta machozi, roho ikaniuma sana. Nipike pilau na sato siku ya mkesha, kabla ya kwenda kanisani? Au nimwombee kwa msimamizi wake abadilishiwe zamu? Naogopa kumharibia. Mliowahi kulea wageni, nisaidieni jamani.