Nimenyimwa mwanangu ana homa, eti "mama yake tayari yupo kwenye karatasi"

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Nimekuja kutoa povu, naandika mikono inatetemeka, nikichapia mnivumilie.

Niko Ujerumani, kaskazini huku, mwaka wa tisa sasa. Nina mke, ndoa halali ya serikali (mimi pia ni mwanamke, na huku ndoa za jinsia moja zimeruhusiwa tangu Oktoba 2017), na tuna mtoto wa miaka miwili na nusu. Mimba kabeba mwenzangu, Mjerumani, kwa mbegu za kiume za benki. Mimi mweusi wa Tanga, mtoto mweupe kama tui. Hilo lishikeni, mtaliona linavyofanya kazi.

Jana nimetoka zamu ya usiku, saa tano asubuhi simu inalia. Si yangu, ya mke wangu, kaisahau juu ya friji. Chekechea: mtoto ana homa 39.2, aje achukuliwe. Nikavaa koti juu ya nguo za kulala, nikaruka na baiskeli.

Mlangoni mwalimu mgeni, simjui, hanijui. Anakagua orodha ya wanaoruhusiwa kuchukua mtoto. Bibi mzaa mama yumo. Jirani anayetumwagilia maua tukisafiri yumo. Mimi simo. Orodha waliiandika upya mwezi wa nane, jina langu wakaliacha, kwa sababu ile fomu yao ina mstari wa Mama na mstari wa Baba, na mimi mwaka juzi nilikata neno Baba nikajiandika pale. Aliyenakili kaona uchafu, kauruka.

"Mama yake yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. "Hapana, mama tunaye hapa." Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, ile ya kumwelekeza mgeni njia: "Wewe ni yaya wake?"

Na mtoto yuko nyuma yake, kwenye godoro, macho mekundu, kaninyooshea mikono: "Mama nibebe, kichwa kinauma." Mwalimu akasema samahani, haelewi lugha anayoongea mtoto. Jamani. Neno mama kwa Kijerumani ni mama vilevile!

Dakika arobaini. Nimesimama ukumbini kati ya viatu vidogo vya mvua mpaka mke wangu alipopatikana kazini na kuwaambia kwa simu wanipe mwanangu. Nikapewa, nikasaini kama napokea mzigo stendi.

Mtaniuliza kwa nini simo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ndipo hasira ilipo. Sheria ya huku inasema baba wa mtoto ni mwanamume aliyekuwa ameoana na mama siku ya kuzaliwa. Mbegu awe katoa yeye au katoa mwingine, hakuna anayeuliza. Kule kliniki tulifahamiana na mke na mume waliotumia benki kama sisi. Mtoto wao alipozaliwa jina la mume likaandikwa, wakaenda zao kula keki. Mimi mke wa ndoa, nafasi yangu ikaachwa tupu. Mwaka 2018 mahakama kuu ya madai ilishasema wazi kwamba mke wa mama haingii kwenye cheti kwa ndoa tu. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Celle ikaona jambo hili linapingana na katiba, ikalipeleka Karlsruhe kwenye Mahakama ya Katiba. Mwanangu kazaliwa baada ya hapo, na mstari bado ni uleule. Waholanzi hapo jirani tangu 2014 mama wa pili anaweza kutambuliwa bila kupita kwa hakimu.

Kwa hiyo naambiwa nimuasili mwanangu kama mtoto wa kambo. Mama wa kambo! Kwetu huyo tunamjua kwenye hadithi za bibi, yule anayemtuma mtoto kisimani usiku.

Mwenzangu hata kibali chake hawezi kutoa kabla mtoto hajatimiza wiki nane, nacho ni kwa mthibitishaji, kwa malipo. Halafu mimi: karatasi ya polisi kwamba si mhalifu, ya daktari kwamba sifi kesho, hati za mshahara, cheti cha kuzaliwa kutoka Tanga na tafsiri yake ya mtu aliyeapishwa, na insha ya maisha yangu tangu utoto. Nikaandika mpaka habari za mbuzi wa babu. Akaja mama wa idara ya watoto kukagua nyumba, akatazama kitanda, akatazama jokofu, akauliza kama nina "uhusiano" na mtoto. Uhusiano huo wakati ule ulikuwa unatumbukiza biskuti iliyotafunwa ndani ya mkoba wake. Sikumwambia. Faili liko kwa hakimu miezi kumi sasa, unaingia wa kumi na moja.

Katika muda huo wote mwenzangu akipata ajali, kisheria mimi ni mtu baki. Hili ndilo linaloninyima usingizi, fomu ya chekechea ni upele tu.

Nyumbani nako sisemi. Mama anamwona mtoto kwenye video, anafurahi akiitwa bibi, anajua au hajui, hatujaulizana. Shangazi ndiye haachi: baba yake nani? Na nyie mlioanza kuandika swali hilo hapo chini, piteni tu, uzi si wenu.

Nataka walio Ujerumani. Nimesoma kwamba mke wa mzazi, kwa makubaliano na mzazi mwenyewe, ana haki ya kushiriki maamuzi ya kila siku ya mtoto hata kabla ya kuasili. Je, kumchukua chekechea akiwa mgonjwa kumo? Kuna aliyewahi kuwapelekea barua ya wakili? Na hakimu wenu alichukua muda gani? Homa imeshuka hadi 38, Jumatatu anarudi shule, na nataka niende pale na karatasi mkononi.