Tupeane uzoefu: imani yako imewahi kukubadilishia kura?

Bwana asifiwe, wapendwa. Kampeni zimepamba moto na kila ninapogeuka naulizwa, "Mkristo wa kweli anampa nani?" Hilo tusilijibu hapa. Majina ya vyama na ya wagombea yaacheni nje ya uzi huu, nawaomba sana. Nataka visa vyenu wenyewe. Siku ile uliposhika karatasi ya kura, imani yako ilifanya kazi gani? Au ilibaki nyumbani?

Naanza mimi. Kura yangu ya kwanza nilimpa mtu kwa sababu alijua Biblia. Alifungua kila hotuba kwa zaburi, kwa kichwa, bila kutazama popote, nami binti wa shule ya Jumapili nikaona nimempata wangu. Sera zake sikusikiliza hata moja. Kaka yangu akaniuliza, "Huyu amewahi kusimamia kitu gani kikabaki kizima?" Nikamwita mpinga Kristo, mbele ya wazazi. Tulinuniana miezi. Yule bwana alipopata kiti akajaza ndugu zake kwenye kazi, na zaburi zikaendelea vilevile.

Baadaye ndipo nikasoma Kutoka 18 kwa utulivu. Yethro anamshauri Musa atafute watu hodari, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Sifa nne. Mimi nilikuwa nimekagua moja, tena ile iliyo rahisi kuigizwa jukwaani. Siku hizi naanzia mwisho: mali yake kaipataje? (Yethro mwenyewe alikuwa kuhani wa Midiani, si Mwisraeli. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu, maana kaka yangu haingii kanisani.)

Karibuni.

Mwimba Besi:
Dada, changu kina aibu. Mgombea alitembelea kwaya yetu, akatuachia sare mpya na bahasha. Tukaambiana, "Kula chake, kura ni yako." Na kweli sikumpa. Nikajiona mjanja, nimemwibia mwizi.

Ubaya ulikuja alipoanza kuvuruga mambo. Kila nikitaka kumsema nakumbuka nimevaa nguo yake Jumapili iliyopita. Kumbukumbu la Torati 16:19 inasema rushwa hupofusha macho ya wenye akili. Mimi macho yaliona vizuri tu, kilichozibwa ni mdomo. Uchaguzi uliofuata walikuja wengine na sare nyingine, nikakataa, wenzangu wakaninunia. Sare zenyewe zilikuwa nzuri, nisiseme uongo.

Mzee wa Baraza:
Wanangu, mimi ni mzee wa kanisa. Mwaka mmoja mgombea alipewa mimbari dakika tano, "asalimie." Akasalimia dakika arobaini. Katikati ya maneno yake familia tatu zilisimama zikatoka, na moja haikurudi kabisa.

Kwenye baraza nikapendekeza hivi: mgombea yeyote anakaribishwa, anaketi kwenye benchi kama mwenye dhambi mwingine, anaombewa kwa mujibu wa 1 Timotheo 2, basi. Nikawakumbusha wachungaji wa Ujerumani waliokutana Barmen mwaka 1934, wakatamka kwamba kanisa lina Bwana mmoja tu, Yesu Kristo, wakati wenzao wengi walikuwa wamekwisha kumkumbatia Hitler. Wazee wakapitisha. Mtu wa kwanza kukutana na uamuzi huo alikuwa mtoto wa dada yangu, mgombea, kavaa suti mpya. Mpaka leo dada yangu hunipa salamu kupitia watoto.

Kijana wa Isaya 45:
Shikamoo mzee. Lakini naomba nipinge kidogo. Koreshi alikuwa mfalme wa kipagani na Bwana akamwita masihi wake. Kwa nini tuhangaike na tabia ya mgombea? Mungu humtumia yeyote.

Mleta mada:
Mdogo wangu, Koreshi hakupigiwa kura. Mungu kumtumia mtu ni kazi ya Mungu, mimi kumchagua ni kazi yangu na nitaulizwa. Wangapi mbaya walitumiwa? Hata Farao. Ungempa kura Farao?

Kijana wa Isaya 45:
Hapo umenibana, dada. Ila nawe usisahau, wapo wacha Mungu wasiojua kuongoza. Eli alikuwa kuhani, wanawe wakamshinda.

Mleta mada:
Ndiyo maana Yethro kaanza na "hodari." Tumekubaliana bila kujua.

Mke wa Mpinzani:
Mimi na mume wangu tunapiga kura tofauti tangu tuoane. Tunakwenda pamoja, tunapanga foleni pamoja, tunafutana pamoja. Watu hutuuliza kwa nini tusikae tu nyumbani.

Yeye akisoma Mathayo 25 anaona wenye njaa na wagonjwa, anatafuta atakayewatunza. Mimi nawaona haohao, ila naogopa serikali inayoshika kila kitu, kwa sababu ya yale Samweli aliyowaonya watu kuhusu mfalme: atatwaa wana wenu, atatwaa mashamba yenu. Yesu alimweka Mathayo mtoza ushuru na Simoni Zelote kwenye kundi moja. Mmoja alikusanya kodi chini ya utawala wa Kirumi, jina la mwingine linanuka upinzani. Natamani ningesikia mazungumzo yao ya jioni.

Kanuni yetu ni moja: hakuna siasa baada ya sala ya usiku. Tumeivunja mara nyingi.

Karani wa Usiku:
Sijawahi kuandika hili mahali popote. Nilikuwa karani kwenye kituo cha kupigia kura. Mgombea wangu, niliyemwombea kwa kufunga siku tatu, alikuwa nyuma kwa kura chache tu kituoni kwetu. Ikafika zamu ya karatasi zenye utata. Moja ilikuwa na alama iliyovuka kidogo mstari wa kisanduku, lakini ungeiona tu ungejua mpiga kura kamkusudia nani. Si wangu. Wakala wa upande wangu akasema imeharibika. Wakala wa upande wa pili alikuwa amesinzia kwenye kiti. Msimamizi akanigeukia mimi.

Wapendwa, nilisikia moyoni sauti ikisema: Mungu anataka huyu ashinde, kwa hiyo hii si dhambi, ni utumishi. Ilikuja kwa lugha ya kilokole kabisa. Nikaogopa, kwa sababu ilinikaa vizuri mno. Nikanyoosha mguu nikapiga kiti cha yule wakala. Akaamka, akaangalia, kura ikahesabiwa.

Alfajiri akaja bwana mmoja na fomu ya matokeo, anataka nisaini kabla tarakimu hazijajazwa, "turahisishe kazi." Nikakumbuka "ndiyo yenu iwe ndiyo," ila sikuwa na ujasiri wa kunukuu andiko. Nikasema tu macho yangu yamechoka, nataka kuona namba kwanza. Tukakaa hivyo, yeye na fomu yake, mimi na kalamu yangu, mpaka zikajazwa.

Mgombea wangu alishindwa pale kituoni. Kura yangu mwenyewe ilikuwa humo ndani ya hesabu niliyoilinda.

Mwimba Besi:
Karani, walikuita tena?

Karani wa Usiku:
Hapana. Uchaguzi uliofuata nilipanga foleni kama wengine. Bwana wa fomu alikuwa mbele yangu, watu watatu hivi. Tulisalimiana.