Mrejesho: nimechukua skii za milimita 118

Wakuu, salaam. Niliwauliza kuhusu skii (vibao virefu vya kuteleza kwenye theluji) za theluji laini yenye kina kule Alta, kituo cha skii jimboni Utah, Marekani: nichukue upana wa milimita 108 au 118 chini ya buti? Nimechukua 118, urefu sentimita 184, na msimu mzima nimekuwa nazo.

Kaka uliyesema nisiangalie upana peke yake, nakushukuru sana. Kilichonisaidia zaidi ni ncha za mbele, zinazoanza kupinda juu mapema. Zinaelea zenyewe, siegemei tena nyuma mpaka mapaja yawake moto. Ndiyo fikra ya mtelezaji Shane McConkey kwenye skii ya Volant Spatula mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliyopinda kama tumbo la mtumbwi.

Asubuhi baada ya dhoruba, theluji ikifika magotini, ni raha tupu! Mchana, miteremko ikishakanyagwa na kuwa migumu, zinachelewa kugeuka na magoti yanazisikia. Kwa mwenye uwezo wa jozi moja tu, nashauri 108.

Dada aliyeuliza kuhusu vifungio vinavyoshika buti kwenye skii: nimeviweka kwenye alama ya kiwandani, vinanifaa.

Nje ya mipaka ya kituo siendi bila mwenzangu, kifaa cha kutafutana, koleo na fimbo ya kupimia, vya kumtafuta aliyefukiwa na maporomoko ya theluji, na kwanza nasoma taarifa ya Utah Avalanche Center, kituo kinachotoa tahadhari za maporomoko hayo. Miteremko ya nyuzi 30 kwenda juu ndiyo inayoporomoka, na ndiyo hiyo hiyo skii hizi zinakutamanisha.

Anayetaka kulinganisha urefu wa skii na uzito wake, mimi nina kilo 85.