Ziara za vyuo na siku za fani kwenye shule za kata: ziendelee, au fedha ziende kwenye hisabati?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Hapa kwetu Tanzania bodi za shule na walimu wakuu wanavutana kila bajeti inapopangwa. Upande mmoja unataka wanafunzi wapelekwe kuona vyuo, waalikwe wahandisi na wauguzi kuja kuzungumza nao (ndiyo siku ya fani), na klabu za sayansi zipewe vifaa. Upande wa pili unasema hizo ni sherehe tu, hela na muda viende kwenye kambi za masomo.

Ili tusibishane hewani, chukua shule yenye wanafunzi 80 wa kidato cha nne. Ukiongeza walimu 4 ni watu 84, yaani Coaster tatu za abiria 28. Tukadirie gari moja shilingi 350,000 kwenda na kurudi siku hiyohiyo: jumla 1,050,000. Chakula cha shilingi 3,000 kwa kichwa ni 252,000. Hapo umefika 1,302,000 na hujanunua maji. Usisahau makaratasi: barua kwa afisa elimu sekondari, barua ya chuo kukubali ugeni, ridhaa ya mzazi iliyosainiwa, na kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kama gari linatoka nje ya njia yake. Na tangu katazo la michango la Januari 2018, mkuu wa shule hawezi kuamka tu na kuwaambia wazazi walete hela. Je, inalipa?

Ubao Mweusi

Hailipi. Kitaifa wanaofaulu hisabati kidato cha nne ni kama robo ya watahiniwa. D inaanzia alama 30, kwa hiyo robo tatu ya vijana hawajafika hata 30. Unawapakia kwenye Coaster ukawaoneshe maktaba ya chuo kikuu ili iweje?

Tupige hesabu nyingine. Jaribio la hisabati la kila wiki, karatasi mbili kwa mwanafunzi, wanafunzi 80, wiki 30: karatasi 4,800. Hizo hazizidi rimu kumi. Rimu ikiwa 12,000 ni shilingi 120,000. Weka na wino, weka na kalamu nyekundu za kusahihishia, laki mbili na nusu zinatosha kabisa. Milioni moja inabaki. Kwenye uchaguzi wa kidato cha tano wanaangalia masomo matatu yenye C kwenda juu, na pointi za masomo matatu ya tahasusi (mseto wa masomo ya kidato cha tano) zisizidi 10 bila F ndani yake; hapo C ni pointi 3 na D ni 4. Yaani C mbili na D moja, basi, umefika ukingoni. Hamasa haina kisanduku chake kwenye ile fomu.

Unasihi na Ushauri

Mwalimu Ubao, hesabu zako siwezi kuzipinga. Ninachopinga ni darasa. Nyote wawili mnazungumzia kidato cha nne, wakati kwenye shule nyingi mlango unafungwa mwisho wa kidato cha pili.

Kwa utaratibu ambao umekuwepo miaka yote, anayeingia kidato cha tatu anaamua kama anaendelea na fizikia na kemia au anaziacha. Uamuzi huo unafanywa na mtoto wa miaka 15 au 16, mara nyingi kwa sababu mbili tu: mwalimu wa fizikia mkali, au rafiki yake kaenda mkondo wa sanaa. Hakuna anayemwambia kilichoambatana na uamuzi huo. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake kuwe na kemia, biolojia na fizikia. D tu inatosha. Binti aliyeacha fizikia kidato cha tatu anaweza kupata A ya biolojia na B ya kemia, na bado utabibu ukamkataa kwa kukosa D ya fizikia, alama 30! Famasi afadhali, inadai kemia na biolojia tu. Sasa hiyo tofauti ndogo ya famasi na utabibu ni ya kumweleza mtoto Agosti akiwa kidato cha pili. Ukimweleza akiwa kidato cha nne unamtonesha kidonda.

Kwa hiyo ziara ya kidato cha nne mimi naifuta pamoja na wewe. Lakini kikao cha kidato cha pili hakihitaji Coaster. Kinahitaji karatasi moja kwa kila mtoto, yenye safu tano: kazi, masomo yasiyokwepeka, daraja la chini kabisa, ngazi za kupitia (cheti, stashahada, shahada), na miaka. Jaza kazi kumi na mbili zinazoonekana wilayani mwenu. Rubani muache kwanza.

Spana 13

Hiyo safu ya ngazi ndiyo watu wanaisahau. Siku za fani nyingi zinaonesha njia moja: kidato cha sita, chuo kikuu, joho. Hapo wanataka pointi 4.0 kutoka kwenye masomo mawili ya tahasusi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sawa. Lakini kijana anayetoka kidato cha nne akasoma stashahada ya ufundi umeme, akamaliza na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0, naye anaomba shahada. Anafika akiwa ameshashika waya. Na aliyeanza VETA (vyuo vya ufundi stadi) hajafungiwa, ngazi zipo ila ni ndefu zaidi.

Halafu kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kwenye mtaala ulioboreshwa. Huo unaanza kidato cha kwanza, kwenye shule zenye karakana. Maana yake hata kidato cha pili umeshachelewa, mazungumzo yaanze darasa la saba. Mzazi mwingi bado anadhani amali ni ya walioshindwa. Ukimleta fundi mmoja mwenye mkataba wa kufunga umeme kwenye kituo cha afya, akaeleza anavyosoma mchoro na kupiga hesabu ya mzigo wa saketi, fikra inageuka palepale.

Mjumbe wa Bodi

Jamani, nani anazungumzia siku za fani zenyewe zinavyoendeshwa? Ratiba inasema saa tatu. Mgeni rasmi anaingia saa sita. Watoto wamekaa juani, spika inakoroma, risala inasomwa, kwaya inaimba, mgeni anasema "someni kwa bidii" halafu watu wanakwenda kula. Mhandisi aliyeomba ruhusa kazini kwake anapewa dakika tano za kusalimia. Kama hilo ndilo tunalitetea, mimi niko na Mwalimu Ubao.

Unasihi na Ushauri

Hapo umenena, dada. Dawa ni kuondoa mgeni rasmi kabisa. Madawati yapangwe vituo sita darasani au chini ya miti, kila kituo mtu mmoja wa kazi moja. Wanafunzi 72 wagawanywe makundi sita ya 12. Kengele inagonga kila dakika 15, kundi linahama. Dakika 90 kila mtoto amekutana na watu sita, na hakuna kipaza sauti. Ukivuka watoto 15 kwa kundi, wa nyuma hawasikii na wanaanza soga.

Wa kuwaalika ni muhimu kuliko idadi. Mkurugenzi hana msaada, amemaliza shule zamani na masharti yamebadilika. Tafuta waliowatangulia miaka miwili hadi sita: muuguzi wa zahanati, afisa ugani wa kata, mhasibu wa SACCOS, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye likizo. Wapewe maswali manne mapema: Ulipata nini kidato cha nne? Somo gani lingekukwamisha? Ulilipaje ada? Jumanne ya kawaida unafanya nini toka asubuhi? Hilo la mwisho ndilo watoto wanaliuliza kwa njia zao, na ndilo linalowafungua macho kwamba muuguzi anaandika na kupiga hesabu za dozi kutwa nzima.

Ubao Mweusi

Dakika 90 kidato cha pili, bila gari, Jumamosi? Hiyo siipingi. Ila bado hujajibu hoja yangu. Mtoto akishajua kwamba uhandisi unataka hisabati na fizikia kidato cha sita, nani anamfundisha?

Kipimamvua

Klabu inamfundisha, mwalimu, ikiendeshwa kama kazi badala ya maonesho. Mfano mmoja wa gharama ya karibu bure. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, ikate pale inapoanza kunyooka chini ya mabega. Sehemu ya juu igeuze iwe faneli, mdomo ukitazama chini. Weka kokoto chini ili upepo usiiangushe na ili kile kitako chenye mabonde kijae, mimina maji mpaka sehemu iliyonyooka, hapo chora mstari wa sifuri. Bandika rula ya karatasi ya milimita kuanzia sifuri. Iweke wazi, mbali na paa na miti. Isomwe saa tatu asubuhi kila siku, irudishwe sifuri.

Wanapokosea: wanasahau kurudisha sifuri, jua linakausha maji ya chini na sifuri inashuka, au wanaiweka karibu na ukuta. Kila kosa ni somo.

Sasa hisabati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Paa la madarasa mawili lenye mita mraba 120, mvua ya milimita 25, ni lita 3,000. Sehemu inapotea kwa kumwagika na kuvuja, tuseme tunavuna asilimia 80, zinabaki 2,400. Tangi la lita 5,000 litajaa kwa mvua ngapi za namna hiyo? Hapo una eneo, asilimia, wastani, grafu na uwiano, baadhi ya mambo yanayowaangusha kidato cha nne. Na ukimwambia kuna watu wanalipwa kwa kazi hii, kwamba kuna Chuo cha Maji pale Dar es Salaam, anaelewa unachozungumzia kwa sababu ameshaifanya. Ndiyo sababu mashindano kama Young Scientists Tanzania yana maana kuliko ziara: mtoto anakuja na takwimu zake mkononi, majaji wanamhoji.

Mpwani wa Kilifi

Niongeze ya huku Kenya. Kwa mtaala wetu mpya mtoto anachagua njia akiwa gredi ya 9: ya sayansi na uhandisi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026. Mwalimu Ubao atafurahi kusikia kwamba hisabati imebaki lazima kwa wote, ila wa sayansi wanasoma ile nzito na wengine ile ya msingi. Tatizo letu ni jingine. Mtoto anahamasishwa kuhusu muziki au michezo, kisha shule ya jirani haina mwalimu wala kifaa cha njia hiyo. Kwa hiyo kwenye ile karatasi yenu wekeni safu ya sita: shule gani iliyo karibu inafundisha masomo hayo. Hamasa bila hiyo inaumiza.

Mjumbe wa Bodi

Kwetu hilo lipo pia. Tahasusi ziliongezwa mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65, lakini mwalimu anayewasaidia kujaza Selform (fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo) bado anawatajia zile za zamani tu: PCB, HGL na EGM. Wengine wanajaziwa haraka usiku kwa simu ya mwalimu kwa sababu mtandao ndio unapatikana saa hizo. Selform ijazwe kwa penseli kwanza kwenye karatasi, ipelekwe nyumbani, ndipo iingizwe. Na matokeo yakitoka kuna kipindi cha kubadili machaguo. Wengi hawakitumii kwa kutojua.

Faili la Mkopo

Mmesahau kinachowakwamisha wengi waliokwisha kufaulu: majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Asha Juma Salum, shuleni kasajiliwa Asha J. Salumu. Akifika kuomba mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kiwe kimehakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na majina yakipishana na ya cheti cha mtihani ombi linasimama. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo nacho kimehakikiwa. Fomu inapita kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu. Dirisha la maombi linakuwa katikati ya mwaka, wakati wengine wako JKT (Jeshi la Kujenga Taifa).

Kazi ya klabu ya kidato cha tatu: kila mwanafunzi alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, ailinganishe herufi kwa herufi na jina lake kwenye usajili. Anayekosa cheti aanze mchakato sasa. Kosa la jina lirekebishwe kabla usajili wa mtihani wa kidato cha nne haujafungwa. Cheti cha mtihani kikishatoka utaishia kwa wakili kuandaa hati ya majina, na hiyo ni hela na wiki kadhaa. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha shule nzima.

Ubao Mweusi

Sawa. Karatasi ya kidato cha pili, chupa ya mvua, majina kidato cha tatu: hayo yote hayafiki laki mbili. Basi mleta mada aondoe Coaster kwenye bajeti, anipe rimu zangu kumi.

Mleta mada

Rimu utapata. Coaster siifuti bado. Kuna shule za vijijini ambako hayupo muuguzi wala mhasibu wa kumwalika ndani ya kilomita 40, na hao vituo sita watavitoa wapi? Nadhani gari moja badala ya matatu, watoto 25 wa kidato cha pili waliochaguliwa na wenzao, wakirudi kila mmoja ajaze safu tano za kazi tatu alizoziona na kuwasilisha darasani kwake. Mwenye utaratibu wa kuwachagua hao 25 bila upendeleo auweke hapa.